Samani endelevu ni samani zipi?

Neno "endelevu" siku hizi limebandikwa kila mahali, na kwenye samani watu wengi wanalichukulia kuwa kiti kilichotengenezwa kwa taka, basi. Mtu anagongelea paleti mbili, zile fremu za mbao za kubebea mizigo, anaweka godoro juu, anapiga picha. Lakini paleti iliyogeuka kochi kwa mwaka mmoja kisha ikaishia jalalani imecheleweshwa tu njiani.

Samani endelevu ni ile iliyobuniwa itumie malighafi mpya kidogo, idumu, itengenezeke ikiharibika, na siku ikichoka kabisa vipande vyake vitenganishwe na kupata kazi nyingine. Malighafi yake huja kwa njia mbili ambazo huchanganywa sana. Kutumia tena ni kuchukua kitu kilivyo: ubao wa paleti unabaki ubao. Kurejeleza ni kukivunja mpaka kiwe malighafi upya: vifuniko vya chupa husagwa, huyeyushwa, vikatoka mbao za plastiki. Njia ya kwanza hula nishati kidogo, kwa hiyo kama ubao unafaa ulivyo, usiusage.

Paleti ndiyo rahisi kupatikana. Kabla hujainunua, tafuta muhuri ubavuni mwake. Paleti zinazovuka mipaka hutibiwa dhidi ya wadudu kwa kanuni iitwayo ISPM 15, na muhuri wake una suke la ngano, herufi mbili za nchi na herufi za tiba. HT maana yake ubao umepashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, chukua. MB maana yake umefukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu. Hiyo iache hapo hapo. Isiyo na muhuri wowote, inuse na utazame madoa yake, maana hujui imebeba nini.

Benchi langu la kwanza la paleti nililigongelea misumari. Masika mawili tu, mbao zikavimba na kusinyaa, misumari ikalegea, na nilipotaka kubadilisha ubao mmoja uliooza nikavunja mitatu mizima. Skrubu zingeniokoa: unafungua, unatoa kibovu, unafunga kingine. Jambo dogo hilo, lakini ndilo linalotenganisha samani ya kutengenezeka na ya kutupwa.

Pwani mambo haya yanafanyika kila siku bila jina kubwa. Zanzibar na Lamu, mbao za majahazi yaliyochakaa hugeuzwa meza, viti na fremu za vioo. Ni miti migumu kama mbambakofi na mvule, iliyokwisha kukauka na kutulia miaka mingi, kwa hiyo haipindi ovyo kama ubao mbichi. Kazi ipo, lakini. Kila tundu la msumari limezungukwa na doa jeusi la kutu, na msumari mmoja uliosahaulika ndani unatosha kung'oa meno ya msumeno wa mashine. Fundi mwenye jicho hazibi matundu hayo yote. Wateja huyalipia, usinicheke.

Lamu hiyo hiyo, mwaka 2018, ilizinduliwa Flipflopi, jahazi lililoundwa na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kupambwa kwa malapa yapatayo 30,000. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Plastiki ile ilikatwa na kuungwa kwa ustadi uleule wa mbao.

Ila plastiki ina tabia zake. Haiozi wala hailiwi na mchwa, lakini chini ya mzigo hubonyea polepole: rafu ndefu iliyonyooka leo, baada ya miezi ina tumbo. Dawa ni kusogeza nguzo karibu karibu au kuitia chuma chini. Joto huitanua, hivyo tundu la skrubu huachiwa nafasi kidogo. Tena si plastiki zote zinazokaa chungu kimoja. Kipande cha bomba la PVC kikipashwa moto pamoja na nyingine hutoa gesi ya asidi inayowasha koo na kula mashine. Ndiyo maana kuchambua huchukua muda mrefu kuliko kuyeyusha, na ndiyo maana sufuria ya plastiki juu ya kuni uani si ubunifu hata kidogo.

Kuna kiti cha kampuni ya Emeco ya Marekani kinachoonesha ugumu wenyewe. Umbo lake lilianza 1944 kama kiti cha alumini cha jeshi la majini. Mwaka 2010 wakishirikiana na Coca-Cola walikitoa kwa plastiki ya chupa 111, wakaichanganya na nyuzi za kioo ili kihimili uzito. Kinahimili. Lakini plastiki iliyokwisha kushikana na kioo hairudi tena kuwa chupa, wakati kile cha alumini unakiyeyusha upya. Mimi ningechukua cha alumini.

Kwa hiyo ukienda kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, au Ngong Road ukiwa Nairobi, kuagiza kiti cha mbao kuukuu, kwanza kigeuze miguu juu. Tazama viungo. Ukiona gundi imetapakaa na vichwa vya misumari vimezamishwa, muulize fundi ubao mmoja ukioza atautoaje, kisha mwache akuoneshe.