Bunduki Zikinyamaza, Biashara Hurudi? Dhana Potofu na Ukweli

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, wakulima wa ngano na mahindi wa Njoro, Molo na Trans Nzoia hapa Kenya wamevifuatilia vita hivyo kwa sababu iliyo wazi, nayo ni mbolea. Gunia la kilo 50 lilipanda bei hata serikali ikaanza kuuza mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 mwezi Septemba 2022, kisha ikaishusha hadi shilingi 2,500 mwaka uliofuata. Ndiyo maana, kila mazungumzo ya amani yanapotangazwa redioni, sokoni Nakuru husikika matumaini kwamba karatasi zikishatiwa saini mambo yatarejea kama zamani. Matumaini hayo nayaelewa, kwa kuwa msimu wa kupanda haumngojei mtu, lakini yamejengwa juu ya dhana zisizolingana na namna uhusiano wa kiuchumi unavyorejeshwa na nchi iliyomvamia jirani yake na kuwekewa vikwazo.

"Mapigano yakisimama, vikwazo vimekwisha."

Kusimama kwa mapigano ni jambo moja, na kuondolewa kwa vikwazo ni jingine. Iraq iliivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, na siku nne baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaizuia kufanya biashara na dunia kwa Azimio namba 661. Majeshi yake yalipofukuzwa Kuwait mwishoni mwa Februari 1991, biashara haikufunguliwa. Azimio namba 687 la tarehe 3 Aprili 1991 liliitaka Iraq iutambue mpaka wa Kuwait, irejeshe mali iliyopora, iharibu silaha zake za maangamizi mbele ya wakaguzi, na ikubali kuwajibika kwa hasara iliyosababisha. Vikwazo vya biashara ya kawaida viliondolewa tarehe 22 Mei 2003, baada ya utawala wa Saddam Hussein kuangushwa. Katika miaka hiyo kumi na miwili walioumia zaidi ni raia wa kawaida, na ninaamini sehemu ya kosa ilikuwa katika masharti yenyewe. Viongozi wa Marekani walisema hadharani kwamba hawangetaka vikwazo viondolewe Saddam akiwa bado madarakani, ingawa azimio halikuandika sharti hilo popote. Mdaiwa anayeona kwamba hata akilipa hatafunguliwa mlango hana sababu ya kulipa.

"Lazima fidia yote ilipwe kwanza."

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, na kosa lenyewe linaeleweka, kwa sababu haki inadai kwamba aliyebomoa ajenge. Swali ni atapata wapi fedha za kujengea iwapo haruhusiwi kuuza chochote. Fidia ya waathiriwa wa uvamizi wa Kuwait ilitokana na sehemu ya mapato ya mafuta ambayo Iraq iliruhusiwa kuuza hata wakati wa vikwazo; sehemu hiyo mwanzoni iliwekwa kuwa asilimia 30 na kufikia mwaka 2003 ikawa imepunguzwa hadi asilimia 5. Jumla ya dola bilioni 52.4 zilimalizika kulipwa Januari 2022, zaidi ya miaka thelathini baada ya vita. Biashara ndiyo iliyolipa deni, na malipo yalisimamiwa na tume ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa kwa kazi hiyo.

Mfano wa karibu zaidi unapita mbele ya macho yetu kila siku, katika malori yanayotoka Mombasa na kupanda kupitia Nakuru na Eldoret kuelekea Malaba, mengine yakiwa na shehena ya mashariki mwa Congo ambayo huvuka Uganda. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwa kutumia jeshi katika ardhi ya Congo. Congo ilidai zaidi ya dola bilioni 11; tarehe 9 Februari 2022 mahakama iliamuru ilipwe dola milioni 325 kwa awamu tano za kila mwaka, kila awamu dola milioni 65. Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Aprili 2022, Congo ilitia saini jijini Nairobi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Uganda ni mmoja wa waanzilishi wake. Deni lilikuwa halijalipwa hata senti, na kujiunga huko hakukulifuta. Mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja endapo deni limeandikwa, kiasi kinajulikana na tarehe za kulipa zimewekwa.

Kwa Urusi hali ni nzito zaidi. Mali za benki yake kuu zenye thamani ya takriban dola bilioni 300 zimezuiliwa ng'ambo, nyingi zikiwa Ubelgiji, na mataifa saba tajiri ya kundi la G7 yametamka kwamba hayataziachilia mpaka Urusi ilipe uharibifu iliouleta. Tangu mwaka 2023 kuna daftari maalumu jijini The Hague la kusajili hasara za Waukraine. Mkataba wa amani utakaolipuuza daftari hilo utakuwa umewadhulumu watu waliopoteza nyumba na jamaa zao, na sioni namna ya kuuita mkataba wa haki.

"Vikwazo huondolewa vyote kwa siku moja."

La, huondolewa hatua kwa hatua, na wakati mwingine husitishwa tu kabla ya kufutwa. Yugoslavia, iliyowekewa vikwazo kwa sababu ya vita vya Bosnia, ilisitishiwa vikwazo vya biashara tarehe 22 Novemba 1995 kwa Azimio namba 1022, kwa onyo kwamba vingerudi iwapo ahadi za amani ya Bosnia zingevunjwa. Vilifutwa kabisa tarehe 1 Oktoba 1996, baada ya uchaguzi kufanyika Bosnia. Kwa maoni yangu huo ndio utaratibu bora kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu unampa mvamizi faida anapotimiza neno na kumnyang'anya anapolivunja. Aidha, kila aliyeweka vikwazo huondoa vyake mwenyewe: Marekani ina sheria zake, na Umoja wa Ulaya huhitaji nchi zote 27 zikubaliane. Muuzaji wa maua wa Naivasha anaweza kukuta mnunuzi wa Urusi yupo na ndege ipo, lakini benki, kwa kuhofia vikwazo vilivyobaki, haithubutu kupitisha malipo.

"Mbolea ya Urusi ilipigwa marufuku kuja Kenya."

Si kweli. Mataifa ya Magharibi hayakuzizuia nchi kama yetu kununua chakula na mbolea kutoka Urusi. Kilicholeta taabu ni benki, bima na meli, pamoja na bei ya gesi inayotumika kutengeneza mbolea, na bei ya mbolea ilikuwa imeanza kupanda tangu mwaka 2021.

"Hayo ni mambo ya Wazungu."

Wazee wa Kisumu wanajua sivyo. Eneo lao, pamoja na Naivasha, lilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda hadi mwaka 1902, na Februari 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya kuwa ya Uganda. Uhasama ulipozidi Julai, Kenya ilitaka bidhaa zinazokwenda Uganda zilipiwe kwa fedha za Kenya, na mwezi Agosti nchi hizo mbili zikatia saini makubaliano jijini Nairobi. Wakati huo ardhi yetu haikuvamiwa. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1978, jeshi la Amin liliingia Kagera, Tanzania. Jumuiya ya zamani ilikuwa imeshavunjika mwaka 1977, na mkataba wa jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Kifungu chake cha 6 kinataja ujirani mwema na utatuzi wa mizozo kwa amani miongoni mwa kanuni za msingi, mbali kabla ya vifungu vinavyofafanua ushuru wa forodha.