Nyota Inaporaruliwa na Shimo Jeusi: Kulinasa Tukio Tangu Siku Zake za Mwanzo

Katikati ya karibu kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haitoki ndani yake, ambalo tungamo lake ni sawa na la majua mamilioni, na mara nyingine mabilioni. Mengi ya mashimo hayo yametulia. Hayana gesi ya kutosha kuyalisha, kwa hiyo hayaonyeshi mwanga wowote, na katika galaksi za mbali ni vigumu hata kukadiria tungamo lake. Hali hiyo hubadilika pale nyota inaposukumwa na mvutano wa nyota jirani hadi ikaangukia kwenye njia inayopita karibu mno na shimo. Nyota huraruliwa, mabaki yake hupata joto kali, na kwa miezi kadhaa kitovu cha galaksi iliyokuwa kimya hung'aa kiasi cha kuonekana kutoka umbali wa mamia ya mamilioni ya miaka ya nuru.

Nguvu inayoirarua nyota ni ileile inayofanya maji ya bahari yajae na kupwa. Mwezi huvuta upande wa Dunia ulio karibu nao kuliko upande wa pili, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuisogeza bahari. Kwa shimo jeusi lenye tungamo la majua milioni moja, tofauti hiyo huwa kubwa mno hata nyota iliyo mfano wa Jua, ikisogea hadi kilomita milioni 70 hivi kutoka shimoni, hushindwa kujishikilia kwa mvutano wake yenyewe. Hunyooka ikawa mkondo mrefu wa gesi. Takriban nusu ya mkondo huo hutupwa nje na kwenda zake moja kwa moja. Nusu nyingine hurudi kulizunguka shimo, ikianza kufika baada ya wiki kadhaa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mashimo makubwa zaidi hayararui nyota za namna hii. Tungamo la shimo likizidi lile la majua milioni 100 hivi, nyota kama Jua huvuka mpaka ambao hata nuru hairudi kabla haijararuliwa, nayo humezwa nzima bila kuacha mwanga wa kuonekana. Kwa sababu hiyo matukio haya hutufunulia hasa mashimo yenye tungamo la kadiri, ambayo ndiyo magumu kuyapata kwa njia nyingine.

Wazo lilitangulia ushahidi. Mwanaastrofizikia Jack Hills alilieleza mwaka 1975, na mwaka 1988 mwanaastrofizikia mwingine, Martin Rees, akachora picha ya nadharia ambayo bado tunaitumia: mwanga hupanda kwa haraka, kisha hufifia polepole kadiri gesi inayorudi inavyopungua. Dalili za kwanza zilipatikana katika miaka ya 1990 kupitia setilaiti ya eksirei iitwayo ROSAT. Ugumu ni kwamba katika galaksi moja tukio hili hutokea mara moja tu kwa kila miaka 10,000 hadi 100,000, hivyo anayetaka kuliona hana budi kuzichunga galaksi nyingi mno kwa pamoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni tukio lililopewa jina ASASSN-19bt, kwa sababu linaonyesha jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Tarehe 29 Januari 2019, darubini ya roboti iliyoko Afrika Kusini, mojawapo ya mtandao wa ASAS-SN unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Ohio State, ilinasa nuru mpya katika galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 375 hivi, kwenye kundinyota la Panzimaji upande wa kusini wa anga. Lensi za mtandao huo zina upana wa sentimita 14 tu. Uwezo wake hautokani na ukubwa bali na kurudia kuipiga picha anga yote kila usiku unaporuhusu. Mwanaastronomia Thomas Holoien, aliyekuwa katika kituo cha kutazama anga cha Las Campanas nchini Chile taarifa ilipomfikia, alielekeza darubini mbili za huko kwenye galaksi hiyo na kuomba setilaiti ya Swift isaidie.

Bahati ilikuwa kwamba sehemu hiyo ya anga ilikuwa tayari inatazamwa na TESS, setilaiti ya NASA iliyotengenezwa kutafuta sayari za nyota nyingine, ambayo ilikuwa ikipiga picha ya eneo hilo kila baada ya dakika 30. Picha zake zilionyesha kwamba nuru ilianza kupanda tarehe 21 Januari, zaidi ya wiki moja kabla ya tangazo, tena ilipanda kwa ulaini usio na mtikisiko. Hata hivyo data za TESS hutumwa duniani kwa awamu na huhitaji kuchakatwa, kwa hiyo zilipatikana tarehe 13 Machi, wakati kilele cha mwanga kilikuwa kimepita. Bila ile darubini ndogo, hakuna ambaye angejua mapema kwamba kuna kitu cha kufuatilia.

Nayo Swift, inayopima mwanga wa urujuanimno na eksirei, ilionyesha kwamba katika siku chache za mwanzo halijoto ilishuka kutoka takriban nyuzi selsiasi 40,000 hadi 20,000. Kushuka huko kulikuwa kumetabiriwa na baadhi ya nadharia, lakini hakukuwa kumewahi kuonekana. Eksirei zilikuwa hafifu. Hapa ndipo penye mjadala wenyewe: je, mwanga tunaouona hutoka kwenye gesi inayoingia shimoni, au hutoka mbali zaidi, pale mkondo unaporudi na kujigonga wenyewe? Maelezo haya mawili hutofautiana hasa katika wiki za mwanzo, na ndiyo maana siku moja ya mapema ina thamani kuliko mwezi mzima wa baadaye.

Kazi nyingine ni kuwatenga wanaofanana. Nyota inayolipuka kama supanova pia hung'aa ghafla, ila hupoa na kuwa nyekundu, ilhali nyota iliyoraruliwa hubaki ya buluu na yenye joto kwa miezi, na hutokea katikati kabisa ya galaksi. Shimo lililokuwa likila tangu zamani nalo hubadilika mwanga, lakini kwa kuyumbayumba. Uamuzi wa mwisho hutokana na spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, ambamo tunatafuta mistari mipana ya hidrojeni na heli.

Wala si busara kuacha kutazama mapema. Tukio la AT2018hyz, lililogunduliwa mwaka 2018, lilikuwa kimya katika mawimbi ya redio mpaka takriban miaka miwili baadaye, ndipo gesi ilipoanza kutoka kwa kasi inayoweza kufikia nusu ya kasi ya nuru. MeerKAT ya Afrika Kusini ni miongoni mwa darubini zilizolifuatilia.

Kituo cha kutazama anga cha Vera Rubin nchini Chile, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025 kwa kioo cha mita 8.4, kinatarajiwa kuongeza sana idadi ya matukio yanayonaswa. Lakini kituo hicho hakina chombo cha kupima spektra, kwa hiyo kila nuru itakayotiliwa shaka itabidi iombewe muda katika darubini nyingine, na muda huo hautatosha kwa zote.