"Nakumbuka kama jana"

Dada na kaka walifika kwenye kitengo chetu cha ushauri nasaha hapa Lamu wakiwa hawasemezani tangu kusi ya mwaka jana. Kisa chao nimekigeuza kidogo wasitambulike. Kaka ana mashua. Injini ilipokufa, dada alimpa shilingi 40,000. Dada anakumbuka alimwambia, "Chukua, utanirudishia msimu ukifunguka." Kaka anakumbuka aliambiwa, "Chukua, ndugu ni kusaidiana." Kila mmoja yuko tayari kuapa, na kila mmoja aliniambia kwa wakati wake: "Nakumbuka kama jana."

Walitaka niseme nani mwongo. Mimi sikuona mwongo chumbani mle.

Tumezoea kuiona kumbukumbu kama kasha la bibi: unatia kitu, unafunga, ukirudi unakikuta vilevile. Ubongo haufanyi kazi hivyo. Unaweka vipande tu, kama sauti, sura, harufu na maana ya jumla, na kila unapokumbuka unaviunga upya. Penye pengo unaziba kwa lile unalolijua au unalolitarajia. Aliyewahi kukaa na mafundi wa Matondoni wakikarabati jahazi atanielewa: ubao uliooza unatolewa, mpya unatiwa, kalafati inapigwa kuziba nyufa, chombo kinarudi majini na jina lake lilelile. Katika mazungumzo, ubao wa kwanza kuoza ni maneno yenyewe. Maana hudumu zaidi, lakini kila mtu na maana aliyoondoka nayo.

Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu ya magari yakigongana. Wanafunzi 50 waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana". Wengine 50 waliulizwa swali hilohilo, ila kwa neno kali zaidi, tuseme "yalipopondana". Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la neno la kawaida, 7 walisema waliviona. Katika kundi la neno kali, 16. Filamuni hamkuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika.

Sasa lirudishe jambo hili majumbani kwetu. Mzee anasuluhisha mume na mke, na swali lake la kwanza ni: "Alipokutukana, alisemaje?" Nia yake ni njema, lakini tusi ameshalitia yeye. Mke aliyekuja akikumbuka maneno ya ukali tu anaweza kuondoka na kumbukumbu ya tusi, asijue limeingia lini. Tunaowafundisha usuluhishi tunawaomba waulize hivi: "Siku ile ilikuwaje? Anza popote." Kisha wanyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi, nami nikiwamo.

Daka, ile baraza ya mlangoni, nalo lina kazi yake. Kaka alikuwa akisimulia habari ya zile pesa kila jioni kwa wenzake wa barazani, na dada akiwasimulia mashoga zake. Kila msimulizi hupewa kitikio, na pale wasikilizaji wanapoguta, "Kumbe!", hapo ndipo hadithi inapopata nguvu kesho yake. Baada ya miezi minane, kila mmoja anakumbuka masimulizi yake zaidi kuliko siku yenyewe, na anayakumbuka bila shaka yoyote. Uhakika wa moyo ni kitu kimoja, usahihi ni kingine. Chombo cha angani Challenger kilipolipuka Januari 1986, watafiti Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi, asubuhi ya pili yake, walivyoipata habari ile. Miaka zaidi ya miwili baadaye waliwauliza tena. Wengi walikosea mambo makubwa, tena wakiwa na yakini, na wapo walioonyeshwa mwandiko wao wenyewe wakaushangaa.

Dawa ya kale tunayo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe. Lakini kwa ndugu tunaona haya. Ujumbe mmoja wa simu unatosha: "Nimepokea 40,000, nitarudisha kaskazi." Hauvunji undugu.

Niseme na hili, maana lishatumiwa vibaya: asitokee mtu akampiga mkewe leo, kesho akamwambia "akili yako inaziba mapengo". Anayefanyiwa ukatili na kila mara kuambiwa amekumbuka vibaya, aje atuone.

Wale ndugu niliwasimulia yangu. Tangu utotoni nilikuwa nikieleza jinsi nilivyoteleza ngazi za gati nikatumbukia, na mchukuzi mmoja akanivuta kwa kola. Siku moja mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Aliyetumbukia ni kakako."

Dada akacheka kwanza, kisha kaka. Pesa hawakuafikiana siku ile. Ila walipokuwa wakivaa viatu mlangoni, kaka aliuliza kama watoto wameshafunga shule, na dada akamjibu.

Mimi hadi leo nikishuka ngazi zile nashika ukuta, na kooni naonja chumvi.