Kauri: pesa ya ufalme wa Dahomey

Ukitaja kauri leo, wengi hufikiria vikombe na sahani. Hapa tunazungumzia kauri yenyewe, lile ganda dogo la konokono wa baharini, ambalo katika ufalme wa Dahomey (kusini mwa Benin ya sasa) ndilo lililokuwa pesa.

Dahomey ilianzia bara, Abomey, kama kilomita 100 kutoka baharini. Mfalme Agaja aliteka ufalme jirani wa Allada mwaka 1724, kisha Whydah (Ouidah ya sasa) mwaka 1727, na hapo ndipo ufalme ulipofika pwani. Wazungu walikuwa wakishusha kauri Whydah ili wanunue watumwa. Zilivuliwa Maldivi, zikasafirishwa hadi Amsterdam na London zikiwa farumi ya meli (uzito wa kuituliza majini), ndipo zikaletwa Afrika Magharibi.

Kauri ilitobolewa mgongoni ikatungwa. Kauri 40 ni uzi mmoja. Nyuzi 5, yaani kauri 200, waliziita kwa Kireno *galinha*, kuku. Kauri 2,000 ni "kichwa", na gunia ni 20,000, mzigo wa zaidi ya kilo 20. Kuwa mwangalifu na hicho kichwa: katika hesabu za Whydah za karne ya 18 kilikuwa kauri 4,000. Asiyetazama mwaka hupata bei iliyopungua kwa nusu au kuongezeka maradufu.

Kauri haighushiki, haiozi, na ni ndogo kiasi cha kutosha kununulia hata chakula cha sokoni. Mfalme naye alitoza kodi na ushuru kwa kauri. Lakini thamani yake ilitegemea jambo moja tu: kwamba ilitoka mbali na haikuja kwa wingi kupita kiasi.

Jambo hilo liliharibikia Zanzibar. Kuanzia miaka ya 1840, wafanyabiashara wa Hamburg walinunua kauri za pwani yetu, zile zenye duara la manjano mgongoni, wakazipeleka Whydah na Lagos kununulia mafuta ya mawese. Zilikuwa rahisi kuliko za Maldivi, tena kubwa na nzito zaidi. Masoko yakafurika, thamani ikaporomoka, na kwa safari ndefu ujira wa wapagazi ukawa unakula sehemu kubwa ya pesa waliyoibeba.

Wafaransa walimshinda mfalme Béhanzin katika vita vya 1892–1894, wakaleta faranga. Hata hivyo, kwa Kifon, lugha ya watu wa Dahomey, pesa bado huitwa *akwɛ*, neno lililotumika kwa kauri.