Mkazo wa Kifaransa huangukia wapi?

Anayejua Kiswahili hana sababu ya kuogopa silabi za Kifaransa. Sisi tunakata ka-ma-ta, wao wanakata ca-ma-rade: konsonanti iliyo kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata. Konsonanti zikiwa mbili huachana, par-tir, isipokuwa jozi kama bl, pr na tr: ta-bleau, a-près. Herufi zinazoandika sauti moja, kama ch na gn, hazitenganishwi. Katika bon-jour, n si konsonanti ya kutamkwa. Inaonyesha tu kwamba irabu hiyo hutokea puani. Ile e ya mwisho isiyo na alama, kwa kawaida, huandikwa bila kusikika: table ni silabi mbili kwenye karatasi, mdomoni ni moja.

Kinachotuponza ni mkazo. Ulimi wetu umezoea silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi wetu husema MErsi na BONjour. Kifaransa hukaza silabi ya mwisho inayosikika: merCI, bonJOUR. Wala alama iliyo juu ya é isikudanganye. Inaonyesha sauti ya irabu, si mkazo. Katika école, kinachokazwa ni -cole.

Lakini kanuni hiyo ni nusu tu, na vitabu vingi vya wanaoanza huishia hapo. Mkazo wa Kifaransa ni wa fungu zima la maneno, si wa neno mojamoja. Fikiria kiTAbu: ukiongeza -ni, mkazo unahama, kitaBUni. Wafaransa hufanya hivyo kwa maneno kamili. Ukisema un caFÉ, fé ndiyo yenye mkazo; ukisema un café NOIR, mkazo umehamia noir, na café imebaki bila kitu. Hata silabi huvuka mipaka ya maneno: les amis hutamkwa le-za-MI, kana kwamba ni neno moja.

Kwetu mkazo unaweza kubadili maana: baraBAra ni njia, baRAbara ni sawasawa. Kifaransa hakina jozi za namna hiyo. Mkazo wao humwonyesha msikilizaji mahali fungu linapokoma, na husikika zaidi kwa kuvuta irabu kuliko kwa kupaza sauti. Kwa hiyo ukijizoeza merci beaucoup, pita merci upesi, silabi zote sawa, kisha vuta kidogo ile -coup.