Je, wajua kwa nini mifupa ya wanaanga iliwahi kuziba mtambo wa maji?

Novemba 2008 chombo cha Endeavour kilifikisha kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mtambo wa kugeuza mkojo kuwa maji ya kunywa. Mtambo huo hukeneka: mkojo unaingia kwenye pipa linalozunguka, shinikizo linashushwa ili uchemke bila joto kali, mvuke unanaswa na kupozwa, na tope la chumvichumvi linabaki nyuma. Ulibuniwa kurudisha asilimia 85 ya maji yaliyomo. Duniani ulijaribiwa kwa mkojo wa watu halisi na haukuleta shida. Kule juu haukumaliza mwaka 2009 kabla ya kuziba.

Kilichouziba ni mashapo ya salfeti ya kalsiamu, yaani jasi, kitu kilekile anachofungwa mtu aliyevunjika mguu. Salfeti ilitokana na asidi ya salfuriki inayotiwa kwenye mkojo ili usiharibike njiani. Kalsiamu ilitoka kwenye mifupa ya wanaanga wenyewe. Waliochangia mkojo wa majaribio walikuwa watu wanaotembea ardhini, na mkojo wao haukuwa na kalsiamu nyingi kiasi hicho. Ikabidi mtambo ukamue maji kidogo zaidi, kati ya asilimia 70 na 75, ili mkojo usikolee hadi jasi igande. Nafuu ya kweli ilipatikana baadaye, asidi ya salfuriki ilipoachwa na kutumiwa ya fosforiki.

Kwa nini basi mifupa ya mtu mwenye afya, aliyechaguliwa kwa uzima wake, iishie kwenye mkojo? Jibu linalokuja mdomoni haraka ni kwamba angani hakuna mvutano wa Dunia. Ni jibu baya, na ubaya wake unastahili kuchambuliwa, maana ukilishikilia hutaelewa kinachotokea kwenye mfupa.

Kituo huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Chukulia kwamba kuna mnara wa urefu huo. Mtu ambaye mzani wa nyumbani humsoma kilo 70 akipanda hadi kileleni na kusimama kwenye mzani uleule, utasoma kama kilo 62. Amepungukiwa na mvutano kwa asilimia 11 au 12 tu. Kilomita 400 ni umbali mdogo ukilinganisha na zile 6,371 zilizopo kutoka uso wa Dunia hadi kitovu chake. Mwezi, ulio mbali karibu mara elfu moja zaidi ya kituo, bado umeshikwa na mvutano huohuo usiponyoke.

Mbona wanaanga wanaelea? Kwa sababu wanaanguka, na kituo kinaanguka pamoja nao. Kwa sekunde moja kituo kinakwenda mbele kama kilomita 7.7 na kushuka kama mita 4.3. Lakini Dunia ni mviringo: ukisonga mbele kilomita 7.7, uso wake nao umeinama chini kwa mita 4.3 hizohizo. Kituo kinaikosa ardhi kila sekunde, na kila baada ya dakika 90 na ushee kinakuwa kimeikosa Dunia nzima. Mzani ukianguka pamoja na mtu aliyeusimamia, haumsomi chochote.

Mtu atauliza: awe anaanguka au mvutano uwe haupo, si anaelea tu? Tofauti iko hapa. Mvutano huvuta kila chembe ya mwili kwa pamoja, na mvuto wa namna hiyo hausikiki. Unachokisikia ukisimama ni sakafu inayokusukuma juu kupitia nyayo. Kisigino kinabeba muundi, muundi unabeba paja, paja linabeba kiwiliwili, kila mfupa umebanwa kati ya kilicho juu yake na kilicho chini yake. Mwanaanga hajakosa mvutano. Amekosa sakafu.

Ushahidi mzuri hauko angani, uko kitandani. Mjini Cologne, Ujerumani, na Toulouse, Ufaransa, watu wenye afya hulipwa walale kwa majuma kadhaa, mara nyingi siku 60 mfululizo, kitanda kikiwa kimeinamishwa nyuzi 6 upande wa kichwa. Wanakula wamelala, wanaoga wamelala, na choo nacho ni hapohapo. Mvutano wa Dunia haujawapungukia hata chembe, na bado mifupa ya miguu yao hupungua, ingawa kwa kasi ndogo kuliko angani. Kama tatizo lingekuwa kukosekana kwa mvutano, watu hawa wangepaswa kuwa salama.

Mabadiliko mengine ya mwili tuyapitie mbio. Siku mbili tatu za kwanza wengi huugua kichefuchefu, kwa kuwa sikio la ndani na macho vinapeleka ubongoni habari zinazopingana. Damu na majimaji hupanda kichwani: uso huvimba, miguu hukonda, pua huziba. Uti wa mgongo hurefuka kwa sentimita kadhaa. Baadhi yao kitako cha jicho hubadilika umbo na kuona kwa karibu kukafifia. Na sugu za nyayoni hulainika na kubanduka, huku ngozi ya juu ya mguu ikikomaa, kwa sababu huko mtu hujishikiza kwa kupachika miguu chini ya vishikio.

Turudi kwenye mfupa. Mfupa hai haufanani na nondo. Unafanana na jengo lisilokabidhiwa kamwe, mafundi wamo ndani mwaka mzima. Kundi la kwanza ni wabomoaji, seli zinazoitwa osteoklasti: zinajibandika juu ya mfupa, zinamwaga asidi, na kalsiamu inarudi kwenye damu. Nyuma yao wanafuata waashi, osteoblasti, wakijaza shimo lililoachwa. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Mbomoaji humaliza kishimo chake kwa wiki 3 hivi, wakati mwashi huhitaji miezi 3 hadi 4 kukijaza. Tofauti hiyo itamgharimu mwanaanga baadaye.

Msimamizi wa kazi ni nani? Ni waashi wa zamani waliojijengea ukutani. Baadhi ya osteoblasti humiminiwa mfupa hadi zikafunikwa, lakini hazifi. Zinabaki hai kwenye vishimo vidogo, zikiitwa osteositi, na zinashikana kwa vijinyuzi vinavyopita kwenye mifereji myembamba iliyojaa majimaji. Unapokanyaga, muundi hupinda na kufupika kwa sehemu ndogo ya milimita. Macho hayaoni, lakini majimaji yaliyomo yanasukumwa mferejini kama maji ya sifongo iliyominywa, na osteositi inahisi mkondo ukiipita. Kwake huo ndio ujumbe kwamba ukuta huu unatumika, usiguswe.

Mkondo ukinyamaza, osteositi hutoa kwa wingi protini iitwayo sklerostini, ambayo kwa waashi ni breki. Pia hutuma ishara za kuita wabomoaji. Kwa mantiki ya mwili ni uamuzi wa busara: kwa nini kugharamia nguzo isiyobeba kitu? Ieleweke tu kwamba mengi ya kina hiki yamesomwa kwa panya na kwa seli zilizokuzwa maabara; kwa wanaanga wenyewe huonekana zaidi matokeo, yaani masalia ya mfupa kwenye damu na mkojo, ambayo huanza kupanda ndani ya siku chache.

Sifongo inaeleza jambo jingine. Ukiiminya ukaishikilia, maji hutoka mara moja, basi. Ili yaendelee kwenda na kurudi lazima uminye na kuachia. Kwa hiyo kumfunga mwanaanga kamba za mpira zinazomvutia sakafuni kutwa nzima hakuwezi kuchukua nafasi ya kukimbia na kunyanyua vyuma. Mfupa unajali mzigo unaobadilika, na unaobadilika haraka.

Kabla ya mashine za sasa, kasi ya upotevu ilipimwa kwa waliokaa miezi mingi: uti wa mgongo kama asilimia 1.1 kwa mwezi, shingo ya mfupa wa paja kama 1.2, nyonga hadi 1.5 hivi. Mwanamke aliyekoma hedhi hupoteza kiasi kama hicho kwa mwaka. Mikono haikupungua kwa kiwango cha kupimika, na hilo halishangazi: kituoni mikono ndiyo inayovuta, kusukuma na kusafiri.

Je, wasinywe maziwa zaidi? Kosa hili ni pacha wa lile la mvutano. Damu ya mwanaanga haina njaa ya kalsiamu; imejaa ile iliyotoka mifupani. Mwili unaliona hilo na kupunguza kiasi ambacho utumbo unafyonza kutoka kwenye chakula, na ile ya mfupa inatokea kwenye figo, ambako inaweza kuganda kuwa mawe. Kinachosisitizwa ni maji mengi, chumvi kidogo kwa kuwa chumvi huvuta kalsiamu kuingia kwenye mkojo, na vitamini D, kipimo cha uniti 800 kwa siku, kwani chakula chao kina kidogo na vioo vya kituo huzuia miale ya jua inayoitengeneza ngozini.

Dawa yenyewe ni mzigo. Chuma cha kilo 100 kinaelea kama unyoya, kwa hiyo mashine ya kunyanyulia iliyopelekwa 2008 inatumia ombwe. Mtu akisukuma upau wa kunyanyulia, pistoni mbili zinavutwa ndani ya silinda zisizo na hewa, na ombwe linazirudisha kwa nguvu. Magurudumu mazito yanayozunguka yameongezwa ili mzigo ukawie kuanza na kukawia kusimama, kama chuma halisi. Inafika kilo 272. Mashine iliyotangulia iliishia nusu ya hapo, na mifupa iliendelea kupungua.

Hesabu ya mzigo ina mtego. Duniani, mtu wa kilo 75 anayechuchumaa na chuma cha kilo 60 hanyanyui kilo 60 tu. Miguu yake inainua pia sehemu kubwa ya mwili wake. Angani mwili hauna uzito, kwa hiyo kiasi cha robo tatu ya uzito huo lazima kihamie kwenye upau: 60 na 56, karibu kilo 116. Zote zinatua mabegani. Kwenye mashine ya kukimbilia mambo ni hayohayo: mkimbiaji anavutwa chini kwa mikanda ya mabegani na kiunoni, na inakata ngozi kiasi kwamba wengi hawakimbii na uzito wao kamili. Mashine zote mbili zimepachikwa juu ya springi na vifyonza mtikisiko, kwa sababu hatua za mtu mmoja anayekimbia kwa mdundo mmoja zinaweza kuyumbisha mabawa ya sola ya kituo kizima. Jasho halidondoki. Linatambaa mgongoni likawa tabaka la maji, lifutwe kwa taulo, likauke, na unyevu wake urudi kwenye mfumo wa maji wa kituo.

Ratiba hutenga kama saa 2 na nusu kwa siku, pamoja na kufunga na kufungua mikanda. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kwamba waliotumia mashine ya ombwe, wakala vya kutosha na kupata vitamini D, walirudi na ujazo wa madini mifupani uliokaribia ule waliondoka nao. Wabomoaji hawakupunguza kazi. Waashi ndio walioongeza. Lakini wanaanga waliopimwa walikuwa wachache, na ujazo wa madini si sawa na nguvu ya mfupa. Kundi jingine dogo lililoongeza kidonge cha alendronati cha miligramu 70 kwa wiki, dawa inayowapumbaza wabomoaji, lilihifadhi mfupa vizuri zaidi.

Ni wakati wa kurudi ambapo zile wiki 3 dhidi ya miezi 3 zinadai deni lake. Utafiti wa 2022 uliwafuatilia wanaanga 17 kwa mwaka mzima baada ya kutua, na 9 kati yao muundi haukuwa umerudi ulivyokuwa. Ndani ya ncha za mifupa kuna wavu wa vipande vyembamba kama vijiti vya kiunzi. Kijiti kilichokonda kinaweza kunenepeshwa tena, kwa kuwa mwashi ana pa kusimama. Kilichokatika kati hakiungwi, maana osteoblasti hujenga juu ya uso uliopo, haiwezi kujenga hewani. Vijiti vilivyosalia hunenepa kufidia, kipimo cha madini kinapanda, na wavu unabaki na matundu.

Je, mvutano wa Mirihi, ambao ni asilimia 38 ya huu wetu, ungetosha kuwaamsha osteositi? Au ule wa Mwezi, sehemu moja ya sita? Vitanda vya Cologne haviwezi kujibu. Binadamu waliokaa muda mrefu zaidi mahali penye mvutano pungufu wenye sakafu ni wanaanga wawili wa safari ya Apollo 17, Desemba 1972, na walikaa Mwezini kama saa 75.