Gesi iko Msimbati, mkaa uko jikoni: yanayosemwa Mtwara kuhusu nishati na ukweli wake

Mama mkubwa anakaa Mikindani. Kila jioni kabla ya adhana ya magharibi humtuma mjukuu akanunue mkaa wa kopo. Makopo mawili, na siku ya mbaazi matatu. Mwaka jana nilimkuta kainamia jiko anapuliza, macho mekundu, akaniambia: "Mwanangu, gesi inachimbwa hapo Msimbati, sisi tunapuliza mkaa. Na mtungi wenyewe wanatuuzia ghali, gesi ni ya kwetu!" Sikumjibu palepale, maana maneno yake yana kweli na yana kosa, na vimeshikana. Maneno kama hayo nayasikia sokoni, kwenye bajaji, hata kwa watu waliosoma, na kila moja lina gharama yake: fedha, mapafu, mara nyingine uhai.

"Gesi ya mtungi inatoka Msimbati"

Haitoki huko. Gesi inayochimbwa Mnazi Bay, pale Msimbati, na ile ya Songo Songo kule Kilwa ni gesi asilia, na karibu yote ni methani. Gesi ya mtungi ni propani na butani, nayo huingia nchini kwa meli kupitia bandari kama za Dar es Salaam na Tanga. Kwa hiyo bei yake inafuata soko la dunia, nauli ya meli na dola, kisha inabeba gharama ya lori linaloishusha kusini. Mtungi unaouzwa jirani na visima vya gesi umesafiri safari ndefu kuliko ule wa Kariakoo.

Kuna wanaouliza, basi kwa nini methani yetu isijazwe kwenye mitungi hiyohiyo? Propani na butani zikigandamizwa kiasi hugeuka kimiminika, ndiyo maana ukiutikisa mtungi unasikia kitu kinachezacheza ndani. Methani haikubali hivyo katika joto letu, hata uigandamize namna gani. Ili iwe kimiminika inabidi ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na kiwanda cha kazi hiyo ndicho kinachokusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi, kwa ajili ya kuuza nje. Kufika jikoni, methani inahitaji bomba. Zipo nyumba Mtwara, Lindi na Dar es Salaam zilizokwisha kuunganishwa, ila ni chache mno mbele ya majiko ya mkaa tuliyo nayo. Na hata jiko la gesi ya mtungi huwezi kuliunga tu kwenye bomba la gesi asilia. Lazima fundi abadilishe tundu la kutolea gesi kwanza.

Hapo ndipo uchungu wa mama mkubwa una haki. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015, na mtaa wake haujaona bomba. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sisi wa kusini tuudai bomba la mtaani kwa jina lake, kwa sababu kudai mtungi wa bei ya chini eti visima viko jirani ni kudai kitu ambacho visima hivyo havikitoi.

Kuna jingine ambalo wengi hawalitii maanani. Kwa miaka mingi umeme wa Mtwara umekuwa ukifuliwa kwa gesi hiyohiyo ya Mnazi Bay. Mwenye umeme nyumbani kwake ameshapata gesi ya Msimbati, imemfikia kwa waya.

"Umeme unakula uniti, si wa kupikia"

Kwa jiko la koili hofu hii ina msingi. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Mbaazi kavu zikichemka saa mbili kwenye koili ya wati 1,000, uniti mbili zimekwenda, na sehemu kubwa ya joto imepotelea hewani. Presha kuka ya umeme inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Imefunikwa, imezibwa kuzunguka, ikishapanda presha hujizima na kujiwasha yenyewe ili kulishika joto tu. Muda mwingi unaoiona imechomekwa, haili kitu.

Nilipima nyumbani. Mbaazi nusu kilo, zimelowekwa usiku kucha, nikaandika namba ya mita ya LUKU kabla na baada. Zimeenda uniti 0.4, na mbaazi zimeiva hadi zinapondeka kwa ulimi. Kwa bei zilizopangwa 2016, mteja wa D1, yaani wa matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, hulipa 292. Ukiongeza kodi na tozo inafika kama 122 na 356. Sufuria ile ya mbaazi basi iligharimu kama shilingi 50 kwa wa D1, na chini ya 150 kwa wa T1. Sijaona Mtwara kopo la mkaa la bei hiyo.

Tahadhari zipo. Mteja wa D1 akivuka uniti 75, kila uniti ya ziada inatozwa 350 kabla ya kodi, kwa hiyo lazima aiangalie LUKU yake. Umeme unakatika. Na tafadhali msichomeke chombo cha wati 1,000 kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Waya unapata moto, unayeyuka, na nyumba inaweza kuungua.

"Mkaa ndio wa maskini"

Mkaa ni wa mtu asiye na fedha ya mkupuo. Hizo ni hali mbili tofauti. Nilimwomba mama mkubwa kwa mwezi mmoja atie punje ya korosho kwenye kikombe cha bati kila linaponunuliwa kopo. Mwisho wa mwezi tulizimwaga kwenye mkeka: punje 68. Akazihesabu mara ya pili mwenyewe, kimya, kisha akafunga mdomo wa kikombe kwa kiganja. Fedha ile ingejaza mtungi mdogo wa kilo 6 na kubakiza ya uniti za kuchemshia mbaazi mwezi mzima. Kwa joto linalofika kwenye sufuria, kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu kilo tatu za mkaa, kwa kuwa jiko la mkaa linapoteza sehemu kubwa pembeni na linaendelea kuwaka hata chakula kikishaepuliwa.

Lakini mkaa alikuwa ananunua kwa mia tano mia tano, kadiri vitumbua vya asubuhi vilivyouzika. Gunia lingemtoka nafuu kwa kilo, naye hana fedha ya gunia. Mtungi wa kwanza na jiko lake vinataka fedha ya pamoja. Asiyekuwa nayo analipa zaidi kila siku, na mwisho wa mwaka ametoa nyingi kuliko jirani mwenye uwezo. Anayemwambia mtu huyo "badilika tu" hajahesabu punje zake. Mama mkubwa alibadilika alipopokea zamu yake ya upatu.

"Mkaa hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara"

Hili linaniumiza kuliko yote. Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni; mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, analala, na katika chumba kilichofungwa huenda asiamke. Bado kwetu Pwani kuna wanaomwekea mzazi aliyetoka kujifungua jiko la mkaa chumbani ili apate joto, na milango imefungwa upepo usimpige, na mtoto mchanga yumo humohumo. Mzazi apewe shuka nzito na maji ya moto. Jiko libaki uani.

Na kuni zenye moshi tunazijua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020, watoto wa chini ya miaka mitano wakiwemo kwa maelfu mengi.

"Maganda ya korosho ni kuni za bure"

Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua ganda lina mafuta makali yanayobabua vidole. Ukilitia jikoni, mafuta hayo yanaungua na moshi wake unawasha macho na koo vilevile. Ganda lililokamuliwa mafuta kiwandani kisha likachomwa kuwa makaa mbadala ni kitu kingine, na kwa mkoa wenye korosho nyingi kama wetu, hayo yangestahili kuonekana zaidi madukani.

"Mtungi ni bomu"

Mtungi wa chuma una vali ya usalama. Ajali nyingi huanzia kwenye mpira uliochakaa au kichwa kisichokaza. Paka povu la sabuni kwenye maungio; likitoa mapovu, gesi inavuja. Harufu mbaya ile imetiwa makusudi ili uijue. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo ukiinusa funga vali, fungua mlango, wala usiguse swichi ya taa. Gesi asilia ya bomba ni nyepesi, inapanda juu, nayo inataka tundu la hewa karibu na dari.

"Chakula cha gesi hakina ladha"

Ugali wa muhogo, kisamvu na samaki havijui moto umetoka wapi. Wali wa nazi ndio wenye mjadala, kwa sababu ya kupalia. Kwenye gesi, shusha moto hadi mwisho, tia kikaango kizito chini ya sufuria na uzito juu ya mfuniko, na wali unakauka vizuri. Ukoko unapatikana. Mama mkubwa amejaribu, amekubali kwa siku za kawaida, ila wali wa Ijumaa anataka makaa juu ya mfuniko kama alivyofundishwa na mama yake, na simlaumu. Mwezi uliopita kikombe cha bati kilikuwa na punje tano.